Daftari la Josho

Baba aliacha ng'ombe mia mbili na kumi na saba,
daftari moja la jalada gumu,
na ekari mia tatu zinazoteremka polepole
hadi zinalowanisha miguu katika mto Simiyu.

Ng'ombe tuligawana. Siku mbili za kelele,
kila ndama na mwanasheria wake.
Ardhi ndiyo iliyokwama kooni.

Akaja mtu wa mchanga, malori matatu moyoni.
Akabonyeza ukingo kwa kisigino
kama anayechagua godoro.
"Dada Nkwimba, hapa Mwanza nzima imelala chini.
Maghorofa ya Buzuruga, ya Nyegezi, yote yamo humu."
Nikaitazama hiyo Mwanza iliyolala.
Mdiria alikuwa ameitoboa tundu,
mkono mzima kwenda ndani,
akiingia na furu mdomoni, akitoka mtupu,
akiingia na furu, akitoka mtupu.

Nikasema hapana kabla sijajua sababu.

Sababu zilikuja baadaye, moja moja, kwa miguu.
Babu alifunga ngitili kwa ajili ya ndama;
nami nikafunga ya kwangu
kwa wasiofungwa kamba na mtu.
Mwaka wa kwanza, nyasi tu, na kucheka kwa watu.
Kaka yangu Lugoye alisimama getini:
"Mali ya baba umeifanya hosteli ya vyura."
Mwaka wa pili matete yakavuka mpaka wa zamani,
tohe akapiga mbinja usiku, nikadhani ni mwizi.
Juu ya jiwe la kufulia nikakuta magamba ya samaki,
na kinyesi cha fisi maji, kibichi, kinanuka utajiri.
Masika ya tatu ningu wakapanda mto,
wengi, kwa haraka,
kama watu waliokumbuka njiani
kwamba hawakufunga mlango.

Sitaki kudanganya. Kiboko naye alirudi,
na kiboko hana adabu za mradi.
Alikula mistari miwili ya mahindi ya Mama Salawa.
Nilimpelekea gunia kwa baiskeli.
Alilipokea, akalipima kwa macho,
akaingia ndani.
Mpaka leo salamu yangu haiitikii,
na sijui kama nina haki ya kuidai.

Josho ndilo lililonishinda kwa muda mrefu.
Tulilisugua kwa majivu, tukaliacha wazi;
masika mbili zikapita juu yake
ndipo chura wa kwanza akathubutu.
Sasa darasa la nne hukaa pale kwenye mteremko
ambapo ng'ombe walikuwa wakigoma kushuka,
sare za bluu, magoti yana vumbi la kilomita sita.
Mwalimu Bugumba huja na filimbi.
Filimbi huiweka mfukoni mwangu hadi saa saba.

Nawapa daftari la baba.
Kurasa za mbele ni zake: Jina, Rangi, Chanjo, Deni,
mwandiko umeegemea kulia
kama mtu anayetembea dhidi ya upepo wa ziwa.
Kurasa za nyuma ni zao, na mistari ni ileile,
sikuwa na moyo wa kuchora mingine.

Juzi alibaki mmoja, Holo,
binti wa Ndalahwa anayeendesha lori la mchanga
kwenye kona ya pili ya mto.
Alilala kifudifudi ukingoni, hakuuliza kitu.
Majani ya gugu maji yaliinuka,
yakapumua,
yakawa na masikio.
Aliandika akiwa ameuma ulimi:

*Jina: Kiboko.*
*Rangi: ya sufuria ya nyumbani.*
*Chanjo: bado.*
*Deni: mahindi, mistari miwili.*

Sikumwambia mimi habari ya mahindi.
Nikachukua kalamu nisahihishe,
nikasoma tena toka juu.
Alichosahau ni tarehe.
Nikamwekea.